Kidonda cha unyayo kina nyama nyekundu, hakina usaha, lakini wiki ya 9 hakifungi. Kinakwamia wapi?

Nesi_wa_Kata

Habari za kazi wakuu. Naomba mawazo ya wanaoshughulika na vidonda.

Mgonjwa ni mama wa miaka 54, ana kisukari cha muda mrefu. Kidonda kiko kwenye unyayo wa kulia, pale kwenye kitako cha kidole gumba. Kilianza kama lengelenge. Sasa kina sm 2.5 kwa sm 2, kina chake kama mm 4. Ndani ni nyama nyekundu inayotoka damu ukiigusa kidogo tu. Hakuna usaha wala harufu. Kingo ni nyeupe, ngumu, zimeinuka. Hasikii maumivu kabisa na anatembea mwenyewe kuja zahanati.

Anaoshwa kila siku kwa haidrojeni peroksaidi, kisha iodini, tunaweka gozi kavu na bendeji. Amemaliza dozi mbili za antibayotiki. Sukari ya asubuhi kabla ya kula inacheza kati ya 9 na 13 mmol/L. Wiki tano za mwanzo kilipungua, tangu hapo vipimo ni vilevile.

Kama nyama imeshaota na usaha hakuna, kwa nini ngozi haipandi? Na je, kuna kitu katika utaratibu wetu kinachokizuia? Naomba maelezo ya sababu, siyo jina la dawa peke yake.

Seli_na_Tishu

Nesi, kuota nyama na kufunikwa na ngozi ni kazi mbili. Zinafanywa na seli tofauti, na ya kwanza inaweza kufika mbali huku ya pili imegoma.

Kwa mtu asiye na tatizo mambo huenda hivi. Damu ikitoka, chembe sahani hukusanyika kwenye mshipa uliokatika na fibrini hufuma wavu wa kuziba. Chembe hizo humwaga vichocheo vya ukuaji, hasa PDGF na TGF-beta, vinavyoita seli nyingine. Ndani ya saa chache nyutrofili, aina ya seli nyeupe za damu, huingia kuua bakteria, na wingi wake hufika kileleni siku ya kwanza au ya pili. Baada ya hapo makrofaji ndizo zinazotawala. Seli hizi zina namna mbili za kufanya kazi. Mwanzoni huchochea uvimbe na kula uchafu, zikiwemo nyutrofili zilizokufa. Kisha hugeuka, zikatuliza uvimbe na kuagiza ujenzi. Shikilia hapo kwenye kugeuka, maana ndipo kidonda cha mgonjwa wako kimekwama.

Makrofaji zikishageuka, faibroblasti, seli za ujenzi, huingia na kutandika kolajeni (protini ya nyuzi) ya aina ya III, na mishipa midogo ya damu huchipua kwa kuitwa na VEGF, kichocheo cha kuotesha mishipa, kwa sababu katikati ya kidonda oksijeni ni haba. Nyama nyekundu unayoiona ni vitanzi vya mishipa hiyo juu ya kolajeni changa. Baadhi ya faibroblasti hugeuka kuwa myofibroblasti, zile ambazo Giulio Gabbiani na wenzake walizieleza mwaka 1971. Zina nyuzi za kukaza kama za misuli, nazo huvuta kingo zikaribiane. Kwenye tumbo au tako kazi hiyo hufunga sehemu kubwa ya kidonda. Unyayo ni mgumu zaidi, kwa kuwa ngozi yake imefungwa kwa nyuzi hadi kwenye tabaka za chini na haivutiki.

Kwa hiyo unyayo unategemea zaidi keratinosaiti, seli za ngozi ya juu. Katika saa 24 za mwanzo zile za ukingoni hujiachia kutoka kwa jirani zake, hujilaza bapa na kuanza kutambaa juu ya nyama. Kwenye mchubuko wa mkono seli hizo hutoka pia kwenye mashimo ya vinyweleo, ndiyo maana utaona visiwa vya ngozi katikati ya jeraha. Unyayo hauna vinyweleo. Una tezi za jasho, lakini kidonda cha kina cha mm 4 kwa kawaida kimeshaziharibu. Zimebaki kingo tu, na zinapaswa kusafiri zaidi ya sm 1 kila upande.

Na hazitambai popote. Zinahitaji unyevu na kitu hai cha kushika. Zikikuta gamba kavu hulazimika kujichimbia njia chini yake kwa vimeng'enya, na hapo mwendo hupungua sana. Mwaka 1962 George Winter alionyesha kwa nguruwe kwamba majeraha ya juujuu yaliyofunikwa yakabaki na unyevu yalipata ngozi karibu mara mbili ya haraka kuliko yaliyoachwa wazi yakauke.

Sasa turudi kwa huyu mama. Kidonda sugu kina shughuli nyingi sana, ila zote ni za hatua ya uvimbe. Kila hatua anayopiga inaponda seli pale chini. Seli zikifa, nyutrofili mpya zinaitwa, na makrofaji hazipati nafasi ya kugeuka. Sukari ya juu nayo inazishikilia kwenye uvimbe. Nyutrofili hizo humwaga elastasi na vimeng'enya vya kukata kolajeni, hasa MMP-8 na MMP-9, ambavyo hukata nyuzi mpya na kuharibu hata vichocheo vya ukuaji. Ukichukua majimaji ya kidonda sugu ukayaweka kwenye faibroblasti maabara, yanazizuia zisigawanyike. Majimaji ya jeraha jipya hufanya kinyume chake.

Huku ukingoni keratinosaiti zinaendelea kugawanyika lakini hazitambai, kwa hiyo zinalundikana. Hizo kingo nyeupe zilizoinuka ndizo ushahidi wake. Na nyama inayotoka damu kwa kuguswa si dalili nzuri. Nyama yenye afya ni nyekundu, ina vipunjepunje, na inavumilia gozi. Ikiwa laini na yenye kuvuja damu, shuku mzigo wa bakteria waliojijengea utando juu yake, hata kama huoni usaha.

Mguu_Kwanza

Nakubaliana na yote hapo juu. Kwangu sentensi kubwa katika swali lako ni hii: "hasikii maumivu kabisa na anatembea mwenyewe kuja zahanati."

Huo ni mguu uliopoteza hisia. Mtu mwenye hisia angechechemea tangu siku ya lengelenge. Huyu anakanyaga kidonda chake maelfu ya mara kwa siku, na hakuna dawa ya kupaka inayoshinda hilo. Thibitisha kwa uzi wa monofilamenti wa gramu 10: mgonjwa afumbe macho, gusa unyayo mpaka uzi upinde, ushikilie kama sekunde moja, kisha aseme kama amesikia na ni wapi. Pima sehemu kadhaa, lakini usipime juu ya sugu wala kidonda.

Anza na sugu. Ule ugumu mweupe pembeni hukandamiza kidonda kila anapokanyaga, na kuuondoa peke yake kunapunguza shinikizo pale chini kwa takribani robo. Mishipa ya damu ichunguzwe kwanza, kisha tumia kisu cha upasuaji namba 10 au 15, ukilaze bapa, ukate vipande vyembamba kutoka nje kuelekea kidonda. Simama utakapoona vitone vidogo vya damu kwenye ukingo. Kidonda kitaonekana kikubwa kuliko ulivyodhani, mara nyingi kina mfuko chini ya ule ugumu. Usiogope, huo ndio ukubwa wake halisi. Pima baada ya kukata, siyo kabla, vinginevyo vipimo vyako vya wiki hadi wiki vitakudanganya. Rudia kila wiki au kila wiki mbili, maana sugu hurudi.

Kisha ondoa uzito. Njia yenye matokeo bora kwa kidonda cha sehemu ya mbele ya unyayo ni gipsi inayokumbatia mguu wote hadi chini ya goti, isiyovulika. Njia hii ilienezwa sana na kazi ya daktari Paul Brand kwa wagonjwa wa ukoma kule India, ambao miguu yao ilikuwa na tatizo hilihili la kukosa hisia. Gipsi hutawanya uzito kwenye unyayo wote na kwenye muundi wa mguu. Ya kwanza hubadilishwa ndani ya siku 2 au 3 kwa sababu uvimbe hushuka ikalegea, halafu kila wiki. Vidonda vingi vya aina hii hufunga katika wiki 6 hadi 8.

Neno "isiyovulika" lina uzito. Utafiti mmoja uliweka vihesabu hatua kwa siri kwenye viatu maalumu vinavyovulika, ukakuta wagonjwa walivivaa kwa takribani asilimia 28 tu ya hatua zao. Asiyesikia maumivu hana kitu cha kumkumbusha avae, hasa usiku akienda msalani. Ila gipsi ya namna hii isifungwe na mtu ambaye hajafundishwa. Mkunjo mmoja tu ndani yake huleta kidonda kipya ambacho hatakisikia. Na mguu wenye maambukizi makali au damu haba haufungiwi gipsi.

Kama hamna gipsi, tumieni felti (kitambaa kinene cha sufu iliyogandamizwa) au sponji ngumu ya unene wa mm 8 hadi 10. Kata umbo la U linalozunguka kidonda kwa nyuma na pembeni, mdomo uelekee vidole, ukiacha nafasi ya nusu sentimita kutoka ukingoni. Usikate duara kamili, kwa sababu hubana pande zote na kuvimbisha ukingo. Bandika kwenye ngozi safi iliyokauka. Ikishalala bapa haifai tena, ibadilishwe kila siku 3 au 4. Juu yake avae kiatu kipana chenye soli ngumu isiyopinda mbele. Kandambili haifai hata kidogo, inapinda palepale kwenye kidonda na kumlazimisha akunje vidole ili isimtoke.

Magongo yanasaidia kwa anayeyaweza. Angalieni na mguu wa pili, kwa kuwa sasa unabeba zaidi. Na kwa nini aje kwa miguu kila siku kuoshwa? Safari hiyo inamgharimu zaidi ya faida ya kuoshwa kwenyewe.

Nesi_wa_Kata

Asanteni sana. Sugu tulikuwa tunaiacha tukidhani ni ngozi mpya inaota.

Gipsi hapa hakuna, felti nitatafuta. Sasa kuhusu kuosha: peroksaidi niiache kabisa? Badala yake nini? Ndugu zake wameleta asali, na wanasema jirani yao alipona kwa kumwagiwa unga wa kapsuli kwenye kidonda. Nawajibu nini?

Mfamasia_Tanga

Peroksaidi iache. Povu linalotoka si bakteria wanaokufa. Ni katalasi, kimeng'enya kilichomo kwenye damu na tishu, kinachovunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Inaisha nguvu mara moja, na katika hizo sekunde inaunguza faibroblasti na keratinosaiti zilezile unazozisubiri zitambae. Kwenye shimo lenye mdomo mwembamba ni hatari zaidi, kwani gesi inaweza kusukumwa ndani ya mishipa ya damu.

Osha kwa maji ya chumvi ya drip, au maji safi ya kunywa yaliyochemshwa yakapoa. Ya kutengeneza nyumbani: lita 1 ya maji yaliyochemka, weka gramu 9 za chumvi, yaani kijiko cha chai kilichosawazishwa kimoja na nusu. Funika, yapoe, yatumike ndani ya saa 24, yanayobaki yamwagwe. Maji baridi sana hupunguza joto la kidonda na seli husinzia, kwa hiyo yawe vuguvugu kidogo.

Kinachosafisha ni msukumo wa maji, siyo ukali wa dawa. Bomba la sindano la ml 20 lenye ncha ya 18G, ile ya pinki, linatoa msukumo wa kutosha kung'oa uchafu bila kuchana nyama. Ml 100 hadi 200 kwa kidonda cha ukubwa huo. Vaa kinga ya macho, maji yanaruka. Kusugua kwa pamba hapana, huacha nyuzi ndani na kila unyuzi ni sababu mpya ya uvimbe.

Gozi kavu nayo ni tatizo. Inakunywa majimaji, inakauka, inashikana na nyama, na unapoivuta asubuhi unang'oa safu ya seli zilizotambaa usiku. Hiyo damu unayoiona mara nyingine ni wewe uliyeitoa. Weka kwanza gozi ya parafini, safu moja au mbili, halafu gozi kavu juu ya kunyonya, kisha bendeji. Ikiwa imegandia, iloweshe dakika 5 hadi 10 kabla ya kuitoa. Mkishaondoa ugumu na kama majimaji si mengi, badilisha kila siku ya pili au ya tatu. Ngozi ya pembeni ikiwa nyeupe na imevimba kama ya mtu aliyekaa majini, majimaji yamezidi, ongeza gozi ya kunyonya au badilisha mapema. Pembeni unaweza kupaka vaselini nyembamba kuikinga, ila pasipobandikwa felti.

Unga wa kapsuli, hapana. Ndani ya kapsuli si dawa peke yake, kuna viambata vya kujaza vinavyobaki kidondani kama mchanga. Kiasi kinachofika kwa bakteria hakijulikani: juu ni nyingi ya kuunguza, chini ni kidogo ya kufundisha bakteria usugu. Ngozi nayo inaweza kuota mzio wa penisilini, na siku atakapohitaji sindano ya kweli akawa hawezi kuitumia.

Asali ni habari nyingine, si ushirikina. Sukari yake nyingi huvuta maji kutoka kwa bakteria, uchachu wake uko kwenye pH kama 3.2 hadi 4.5, na ina kimeng'enya kinachotoa peroksaidi kidogokidogo inapochanganyika na majimaji ya kidonda, kwa kiwango cha chini mno kuliko cha chupa. Kwa majeraha ya moto ya juujuu ushahidi wake ni mzuri. Kwa vidonda vya mguu wa kisukari ushahidi ni dhaifu na miongozo haiipendekezi. Asali ya sokoni inaweza kuwa na mbegu za bakteria wa botulizimu, na kuichemsha kunaua kile kimeng'enya kabla ya kuua mbegu hizo. Asali inayouzwa kwa ajili ya vidonda husafishwa kwa mionzi ya gama. Waambie ndugu kwamba hawakukosea kufikiri hivyo, ila kwa kidonda hiki pesa ya asali inunue felti.

Tabibu_Mzunguko

Kuhusu iodini naomba nitofautiane kidogo na wanaoifuta moja kwa moja. Ni kweli povidoni-iodini ya asilimia 10 inaua faibroblasti kwenye sahani ya maabara, lakini kidonda chenye damu na protini huipunguza makali, na matokeo kwa wagonjwa hayako upande mmoja. Kwa nyama safi inayoota haina kazi. Lakini huyu ana dalili za utando wa bakteria. Utando huo ni lundo la bakteria ndani ya ute walioutengeneza wenyewe, antibayotiki haziupenyi vizuri, na ukiukwangua unaanza kujijenga upya ndani ya siku 1 hadi 3. Kwa hiyo mara baada ya kukwangua, kitambaa chenye iodini kwa dakika 10, kisha suuza yote kwa maji ya chumvi. Fanya hivyo wiki mbili, nyama ikiwa imara acha.

Antibayotiki za kumeza hazihitajiki bila angalau dalili mbili za maambukizi: uvimbe, wekundu unaozidi nusu sentimita kuzunguka kidonda, joto, maumivu, au usaha. Wekundu ukifika sm 2 au homa ikitokea, ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Mambo mawili hayajaelezwa na ni lazima yafanyike kabla ya felti na kisu.

La kwanza ni damu. Shika mapigo juu ya unyayo na nyuma ya kifundo cha ndani. Yasiposikika, apimwe kwa dopla, kifaa cha kusikiliza mtiririko wa damu: shinikizo la kifundo ukigawanya kwa la mkono. Kati ya 0.9 na 1.3 ni kawaida. Tahadhari, kisukari hujaza chokaa kwenye kuta za mishipa, haibonyei, na kipimo kinatoka kizuri cha uongo. Hapo shinikizo la kidole cha mguu ndilo la kuamini. Chini ya 30 mmHg nafasi ya kupona bila kufungua mishipa ni ndogo. Shinikizo la kifundo chini ya 50 ni rufaa ya haraka. Ukikata sugu kwenye mguu usio na damu unafungua kidonda ambacho hakitafunga.

La pili ni mfupa. Pale kwenye kitako cha kidole gumba mfupa uko karibu sana. Chukua kijiti butu cha chuma kilichotakaswa, ingiza taratibu ndani ya kidonda. Ukigonga kitu kigumu chenye sauti kama jiwe, mfupa umefikiwa, na uwezekano wa maambukizi ya mfupa unapanda sana. Picha ya eksirei inaweza kuwa safi mwanzoni, irudiwe baada ya wiki 2 au 3. Mfupa wenye usaha utaweka uvimbe ukiendelea miezi hata ufanye yote mengine sawasawa.

Nyongeza kwa wanaosoma wakiwa na vidonda vya aina nyingine, maana si kila donda ndugu la mguu ni kisukari. Kijana mwenye kidonda karibu na kifundo, kinachouma sana, apimwe selimundu. Kidonda kisichouma chenye kingo zilizochimbika kwa chini, kwa mtu wa maeneo ya mabonde na vinamasi, kinaweza kuwa kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la eneo la Uganda. Bakteria wake hutoa sumu ya mikolaktoni inayoua tishu na kuzima maumivu na uvimbe kwa pamoja, na matibabu yake ni rifampisini na klarithromaisini kwa wiki 8. Na kidonda cha miaka, au kilicho juu ya kovu la moto la zamani, kikianza kuota nyama kama koliflawa, kutoa harufu au kuvuja damu, kichukuliwe kipande cha ukingoni kwenda maabara. Kansa inayotokea hivyo huitwa kidonda cha Marjolin.

Lishe_na_Tiba

Nitaongeza upande wa malighafi kwa kifupi. Kolajeni ni protini, na mtu mwenye kidonda anahitaji gramu 1.25 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kwa mama wa kilo 60 ni kati ya gramu 75 na 90. Yai moja lina kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15. Wagonjwa wengi wa kisukari wameambiwa "punguza" hadi wanakula ugali mdogo na mchicha tu. Pimeni figo kwanza, zikiwa zimeathirika kiwango hicho kisipandishwe bila daktari.

Vitamini C haipambi, inashiriki kazi yenyewe. Kimeng'enya kinachoongeza haidroksili kwenye proline, moja ya vipande vinavyojenga kolajeni, kina chuma ndani yake, na vitamini C hukirudisha chuma hicho katika hali ya kufanya kazi. Bila hiyo nyuzi tatu za kolajeni hazishikani vizuri kwenye joto la mwili. Daktari mpasuaji wa Boston, John Crandon, alikula chakula kisicho na vitamini C kwa miezi 6 na kukubali achanjwe mgongoni. Jeraha la mwezi wa 3 lilipona vizuri. Lile la mwezi wa 6 halikushikana ndani mpaka alipopewa vitamini hiyo. Taarifa ilichapwa mwaka 1940. Inaonyesha pia kwamba akiba ya mwili ni ndefu, kwa hiyo kwa anayekula matunda, vidonge vya ziada havitaongeza kasi. Zinki ni vilevile: inasaidia aliyepungukiwa, siyo aliyenayo. Pera moja au nusu papai dogo inatosha kwa vitamini C ya siku, na pera haitapandisha sukari sana.

Na hiyo sukari ya 9 hadi 13 haijakaa sawa. Katika kiwango hicho nyutrofili zinaua bakteria kwa uvivu. Arudi kliniki ya kisukari dawa zipitiwe, ikibidi insulini, hata kwa kipindi cha kidonda tu. Kama anatumia prednisoloni kwa ugonjwa mwingine, semeni, inazuia makrofaji na faibroblasti kwa pamoja.

Nesi_wa_Kata

Mapigo nimeshika yote mawili, yanasikika vizuri. Kijiti hakikugonga mfupa. Felti tunaanza kesho. Tutajuaje mapema kwamba njia ni sahihi? Na kikifunga, aruhusiwe kutembea lini?

Mguu_Kwanza

Vizuri, ila mapigo kusikika hakutoshi kwa mwenye kisukari. Mkipata nafasi ya dopla hospitali ya wilaya, apimwe.

Zidisha urefu kwa upana leo baada ya kukata sugu, iwe ndiyo namba ya kuanzia. Kama ni sm 2.5 kwa 2, ni 5. Baada ya wiki 4 inatakiwa iwe 2.5 au chini. Kidonda cha mguu wa kisukari kisichopungua kwa nusu katika wiki 4 mara nyingi hakifungi katika wiki 12, kwa hiyo hapo usisubiri, mpe rufaa. Dalili ya mapema zaidi utaiona ukingoni: utabadilika kutoka ugumu mweupe ulioinuka hadi mteremko mwembamba wenye rangi ya waridi, kama kioo, unaoingia kidogo ndani kila wiki.

Seli_na_Tishu

Kuhusu kutembea, usidanganywe na kufunikwa. Siku ngozi inapokutana katikati, chini yake kolajeni bado ni changa na imelala ovyo. Tunajua nguvu hizi zaidi kutoka kwa majeraha ya kushonwa: wiki ya kwanza kovu lina kama asilimia 3 ya nguvu ya ngozi ya kawaida, wiki ya 3 kama 20, mwezi wa 3 linakaribia 80, na halizidi hapo maisha yote. Katika muda huo kolajeni ya aina ya III inaondolewa na ya aina ya I inawekwa, nyuzi zikijipanga kufuata mvuto. Kazi hiyo inaendelea mwaka na zaidi.

Kwa hiyo kikifunga, felti ibaki wiki 2 hadi 4 zaidi, kisha atembee kwa kuongeza kidogokidogo, ndani ya kiatu chenye soli laini ya ndani iliyochongwa kufuata unyayo wake. Miguu kama hii hurudi kupata kidonda kwa takribani asilimia 40 ndani ya mwaka mmoja, mara nyingi palepale.

Kinachotangulia kidonda kipya ni joto. Tishu inayopondwa huvimba na kupata moto siku kadhaa kabla ya ngozi kupasuka. Kama wana kipimajoto cha ngozi cha kuelekeza, wapime kila asubuhi sehemu hizohizo za nyayo zote mbili. Tofauti ya nyuzi 2.2 au zaidi kati ya mguu na mguu, siku mbili mfululizo, apunguze kutembea na aje akaguliwe. Wasio na kifaa, ndugu yake aguse kwa mgongo wa kiganja sehemu moja ya unyayo mmoja kisha ileile ya mwingine, akague na sugu mpya kwa macho. Sugu ikionekana ina weusi au wekundu wa damu ndani yake, chini yake pameshaanza kufunguka, ikatwe siku hiyo.